Kwa Fundi Aliyempeleka Mwalimu Kuuona Mnara

Umetimia mwaka, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipofunga kamba za kiatu kimoja, ukainua mguu wa pili, na moyo ukasema basi. Mama alikuwa jikoni akikumiminia chai. Alikuita mara mbili kwa sauti ya kawaida. Mara ya tatu alikuja mbio.

Hatutaki kukaa sana kwenye siku hiyo. Tumekaa nayo mwaka mzima. Leo tunataka kukushukuru, na shukrani zetu zinakwenda mbali kidogo: zina safari ndani yake, na ukuta.

Ulikuwa fundi wa vigae. Miaka arobaini uliipitisha ukiwa umepiga magoti kwenye sakafu za watu. Suruali zako zilikwisha magotini zikiwa bado mpya kiunoni, hata Mama akawa anazitia viraka kabla hujazivaa. Na kazi ikiisha, hukuiacha. Baada ya mwaka ulirudi kwenye nyumba ile ile, ukabisha hodi, ukapiga magoti tena na kugonga kigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio umeliinamisha. “Hiki kimeshika,” ulisema. “Hiki kimeshikilia hewa.” Cha hewa ulikibandua ukakibandika upya, bila mtu kukuomba. Wenye nyumba wengine walidhani una wazimu kidogo. Watoto wao walikufuata chumba hadi chumba.

Uliongea kidogo. Ukicheka, yalicheka mabega. Mdomo haukupewa habari.

Mkeo ulimwita Mwalimu, naye alikuita Fundi, hata chumbani, hata mkiwa mmenuniana. Miaka thelathini na moja Mama alifundisha jiografia, na kila mwaka, muhula wa pili, alilichora ubaoni jiji lile ambalo kila mtu amewahi kuliona kwenye kalenda: mto katikati, madaraja matano, soko la maua, jumba la makumbusho, na mnara wa saa. Hakuwahi kufika. Alikuwa na picha moja ya mto na mnara katika kitabu chake cha chuo, pamoja na maelezo ya kurasa mbili, na kutokana na hayo akajichorea ramani yake mwenyewe. Nyumbani tuliliita jiji la Mama. Mtoto aliyechelewa kurudi dukani aliulizwa, “Ulipitia jiji la Mama?”

Ni wewe uliyeipandisha ramani hiyo ukutani. Jumamosi kumi na tisa ulikwenda shuleni kwake na mabaki ya kazi zako, ukaijenga kwa vipande vya vigae kwenye ukuta wa uani, pana kuliko lango la shule. Buluu ya mto ilitoka bafuni kwa daktari wa meno. Kahawia ya mnara ilitoka jikoni kwa mwoka mikate. Wanafunzi walipita kila asubuhi wakiuburuzia mto vidole, mpaka mto ukawa safi kuliko nchi kavu.

Mama alipostaafu, walimu wenzake walimpa saa ya ukutani. Wewe ulimpa bahasha yenye tiketi tano. Alizitazama, akavua miwani, akaifuta, akazitazama tena.

“Fundi, hili si lile jiji?”

“Ndilo,” ulisema. “Lako.”

Alilia palepale mezani, akiwa bado ameshika kijiko.

Safari aliipanga kama ratiba ya shule. Alikuwa na daftari: saa mbili kamili, soko la maua; saa tatu na nusu, makumbusho; saa tano na robo, mapumziko mafupi. Mkweo, yule uliyemfundisha ufundi wako kabla hajapata ujasiri wa kumtaka binti yako mkubwa, alilisoma daftari lile kituoni akauliza, “Mama, kengele atagonga nani?”

“Wewe,” Mama alimjibu. “Na ukichelewa utasimama nje.”

Tulifika kukiwa na ukungu. Siku ya kwanza nzima hatukuona kitu kilichozidi urefu wa nguzo ya taa. Kwa Mama hilo halikuwa neno. Alitutembeza kwa kichwa chake. “Mbele hapa pana kona,” alisema, “na baada ya kona ni soko la maua.” Kweli, harufu ikatufikia kabla ya maua yenyewe. Dada mkubwa akapiga makofi. Mama alitembea mbele yetu, mkoba kifuani, kama mtu aliyerudi kwao baada ya miaka mingi na kukuta majirani bado wapo.

Na wewe, Baba! Watu walivuka nchi ngapi kuja kutazama dari za jumba lile la makumbusho, zilizopakwa rangi ya dhahabu, na wewe hukuweza kutueleza zilikuwaje, kwa sababu hukuinua kichwa. Ulitazama sakafu. Katika ukumbi wa tatu ulipiga magoti na kuanza kugonga. Mlinzi akaja mbio.

“Mzee, umeanguka?”

“Sijaanguka. Nasikiliza.”

“Unasikiliza nini?”

“Hapa chini ni tupu. Mwambieni fundi wenu.”

Mlinzi alitutazama sisi, akidhani labda tunajua dawa zako ziko wapi. Mkweo akamwambia, “Kaka, mwite tu huyo fundi. Huyu haondoki.” Fundi wao akaitwa, mzee wa rika lako mwenye viraka magotini vilevile. Akagonga. Mkatazamana. Mlikaa sakafuni saa nzima, watalii wakiwaruka, mkielezana habari za mchanga na saruji, huku Mama akikata mstari mmoja baada ya mwingine katika daftari lake na kusema, “Nimeolewa na magoti.” Lakini alikuwa anatabasamu. Tulimwona.

Asubuhi ya pili ukungu ulikuwa haujatoka. Saa nne kasoro dakika chache, kama ratiba ilivyotaka, tulisimama katikati ya daraja la tatu. Mama alitupanga mstari, akatugeuza tuielekee ng’ambo ya kushoto, akanyoosha mkono.

“Ukungu ukiondoka, mnara utajitokeza pale. Msipepese macho.”

Saa nne kamili kengele ya mnara ikagonga. Iligonga nyuma yetu.

Mkweo akageuza shingo. “Mama, mbona kama...”

“Mwangwi,” Mama alisema bila kugeuka. “Maji hurudisha sauti. Tazama mbele.”

Tukatazama mbele. Ukungu ulianza kuchanika. Yakatokea mapaa, kisha madirisha, kisha tangazo kubwa la duka la magodoro. Mnara haukuwepo. Mkono wa Mama ulibaki umenyooka, ukituonyesha duka la magodoro.

Sisi wengine tulikuwa tumeshachungulia nyuma, na hakuna aliyethubutu kusema. Ni wewe uliyemshika mabega, polepole, kwa namna ulivyokuwa ukigeuza kigae kikubwa kisivunjike, ukamgeuza. Mnara ulikuwa ng’ambo ya kulia, mrefu, mkavu, na kwa kuutazama haukuwa umehamia jana.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Ile picha ya kitabuni ilipigwa kutoka upande wa juu wa mto, yeye akadhani imepigwa kutoka chini. Basi. Lakini Mama alilifunga daftari.

“Miaka thelathini na moja, Fundi,” alisema. “Watoto wa watu.” Kisha akasema, kwa sauti ndogo zaidi, “Na ule ukuta.”

Alirudi nyumba ya wageni akajilaza, uso ukutani, viatu miguuni. Dada alikaa pembeni yake. “Mama, kwani nani amewahi kupotea kwa sababu ya ramani yako?” Mkweo akajaribu utani wake: “Mama, mnara wenyewe hata haujui kama ulihamishwa.” Hakucheka. Binti yako mdogo alimletea chai ikapoa, akamletea nyingine ikapoa.

“Nyinyi hamjui,” alisema mwishowe. “Fundi akikosea, anakosea nyumba moja. Mimi nimekosea katika vichwa elfu mbili. Kesho turudi nyumbani.”

Hukumbembeleza. Ulivuta kipande cha zulia, ukakaa chini karibu na kitanda, magoti yakilia. Halafu ukasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kulisikia.

“Mwalimu, unajua kwa nini nilikuwa napita nyuma ya soko kwenda kazini?”

“Si ulisema ni njia ya mkato?”

“Si ya mkato. Ni ndefu.”

Ukamweleza. Sakafu ya kwanza kubwa uliyopewa ulipokuwa kijana ilikuwa ya wodi ya hospitali, na uliilaza vibaya. Maji ya kuoshea, badala ya kukimbilia mfereji, yalikimbilia vitanda vya wagonjwa. Uliligundua kosa siku ya mwisho, ukakusanya vifaa ukaondoka. Miaka tisa ulizunguka nyuma ya soko usiione hospitali ile. Miaka tisa wanawake wa usafi waliyasukuma maji kwa fagio kuyapandisha mlima uliowajengea wewe. Siku moja ulichukua nyundo ukaenda. Mmoja wao alikuwa bado yupo. Ulimwambia, “Mama, mimi ndiye niliyeiweka sakafu hii.”

“Akakufanya nini?” Mama aliuliza. Alikuwa amegeuza uso.

“Alinitazama weee. Halafu akaenda kunitolea vitanda.”

Ndipo tulipoelewa kwa nini ulirudi kwenye kila nyumba baada ya mwaka mmoja, kugonga.

“Ukuta niachie mimi,” ulimwambia. “Shule zikifungwa nauhamisha mnara. Lakini siwezi kuuhamisha kama hujaniambia unakaa wapi. Kesho asubuhi vaa viatu twende.”

“Nimeshavaa,” Mama alisema, na tukacheka wote, naye akiwemo.

Siku ya tatu mlipanda mnara. Ngazi mia tatu na kumi na mbili. Ulizihesabu, ukatuarifu kwamba hazilingani kimo na kwamba aliyezijenga alikuwa na haraka. Mlipumzika kila kona. Watalii vijana waliwapita mara mbili, wakipanda na wakishuka. Juu kulikuwa na upepo, na jiji lote lilikuwa limelala chini, mto, madaraja matano, soko la maua kama kitambaa kilichoanguka. Mama alifungua ukurasa mpya akaanza kuchora. Wewe ulilishika daftari kwa mikono miwili lisipeperuke. Alichora saa nzima. Mara moja moja aliuliza, “Fundi, lile daraja liko sawa na lile paa, au limepita?” nawe ulifumba jicho moja, ukapima kwa dole gumba, ukasema, “Limepita kidogo.” Dada aliwapiga picha mkiwa hamjui. Ni picha nzuri kuliko zote tulizonazo: vichwa viwili vyenye mvi vimegusana juu ya daftari, na jiji maarufu nyuma yenu, halitazamwi na mtu.

Ulirudi nyumbani na ramani mpya. Ulianza kukata vipande. Wiki ya saba, kabla shule hazijafungwa, ikaja Jumanne ile.

Baada yako, Baba, Mama alikataza ukuta usiguswe. Ramani mpya aliiweka kabatini. Alikuwa akienda shuleni jioni watoto wakishatoka, anasimama mbele ya mnara wako ulio ng’ambo siyo, anaweka kiganja juu ya vigae. Mkuu wa shule alimwambia, “Mwalimu, tuuache. Ni alama yake.” Wote tulikubaliana naye. Nani angechukua patasi kupiga kazi ya mikono yako, wakati mikono yenyewe hatunayo tena? Miezi tisa hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa sauti. Mama akawa hamalizi chakula. Akawa hapiti njia ya shule. Alianza kwenda sokoni kwa njia ya mbali, na binti yako mdogo alipomuuliza sababu, alijibu kwamba ni ya mkato.

Alilisikia neno lake mwenyewe. Alisimama mlangoni na kikapu, hakuingia wala hakutoka. Kisha akageuka akaenda shuleni, mchana kweupe. Pale ukutani alimkuta msichana wa darasa la nne, ulimi nje, ananakili ramani kwenye daftari lake kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa anamalizia mnara.

Jioni ile Mama alimwita mkweo. “Lete patasi.”

“Mama, usiniambie hivyo. Mimi siwezi kuibomoa kazi ya Mzee.”

“Huibomoi. Aliahidi, na hakuimaliza. Unaimalizia.”

“Na vigae vikivunjika?”

“Vitavunjika. Mimi nampenda mume wangu kuliko nyinyi nyote mkijumlishwa, lakini sitawafundisha watoto kosa kwa sababu aliyelibandika nampenda. Yeye mwenyewe angenicheka kwa mabega.”

Walianza Jumamosi asubuhi. Mama alikaa kwenye kiti cha darasani, mikono mapajani, na kila pigo la nyundo lilimpitia usoni. Mkweo alitoka jasho, akawa anakugombeza kwa sauti kana kwamba upo: “Mzee, ulivibandika kwa nguvu hivi kwa nini? Ulikatazwa kurudi?” Vigae vya mnara vilikuwa kumi na vinne. Kumi na kimoja vilitoka vizima. Vitatu vilivunjika, na kila kilipovunjika mkweo alisimama akamtazama Mama, na Mama alisema, “Endelea.” Kilipovunjika cha tatu alisema “Endelea” huku machozi yanamdondokea, hakuyafuta.

Mwoka mikate alipopata habari alituletea vigae vitatu alivyokuwa navyo stoo, vya kahawia ileile lakini havikuwahi kuona moshi, kwa hiyo vimekuwa vyeupe kidogo. Vinaonekana. Pale mnara ulipotoka pamejazwa vigae vya kawaida, na mistari ya saruji mpya inaonekana pia. Mkweo alitaka kuipaka rangi ifanane. Mama alikataa katakata.

Kazi ilipoisha alituomba sote tutoke, akabaki peke yake na ukuta. Hatujui mliongea nini. Alipotoka aliuliza kama kuna chakula.

Baba, sasa kila Jumatano, kipindi cha kwanza, Mama anafundisha tena. Mkuu wa shule alimwomba, yeye akajifanya kufikiria kwa siku mbili. Anaanza kila darasa hapo uani, anaweka kidole kwenye kovu la ukuta, anasema, “Mnara ulikuwa hapa. Mimi ndiye niliyesema uwe hapa, na nilikosea.” Anasema mara ya kwanza wanafunzi walinyamaza hata akasikia kuku wa jirani. Walikuwa hawajawahi kumsikia mwalimu akisema hivyo.

Halafu msichana yule wa darasa la nne akanyoosha mkono. “Mwalimu, na wewe ulipokosea, ulifanywa nini?”

Mama alifikiri.

“Nilipelekwa matembezi,” akasema.

Asante, Baba, kwa kumpeleka. Ungeweza kumwacha aendelee kuwa sahihi nyumbani.

Tunaokukumbuka: mkeo, Mwalimu; binti yako mkubwa, muuguzi, aliyepiga ile picha; mkweo, ambaye sasa naye anarudi kwenye nyumba za watu baada ya mwaka kugonga; binti yako mdogo; mdogo wako wa kike na watoto wake wote; fundi wa viraka magotini wa lile jumba la makumbusho, aliyetuandikia barua akikuulizia, nasi tukamjibu; na wote wanaotembea juu ya kazi yako bila kujua jina la aliyeilaza.

Hatujakusahau, Baba, na hatuna mpango wa kujaribu.